Frateri, kwani kuwasha fataki ni dhambi?



Vijana wenzangu, swali hilo hapo juu niliulizwa na kijana mmoja wa parokiani kwetu, hapa Ilembo, Mpanda. Tulikuwa tunatoka jumuiya. Aliuliza akicheka, ila macho yake hayakucheka. Alikuwa anamaanisha zile fataki za mkononi zinazotoa moto mwekundu, na yale makopo ya moshi wa rangi ambayo mashabiki wa mpira huwasha jukwaani. Nilimjibu kwa kifupi, "Inategemea." Jibu la mwanafalsafa, bwana! Leo nataka kumjibu vizuri, kwa sababu swali lile linanihusu na mimi.

Wengi wenu mnaikumbuka Juni 3, 2023. Yanga ilikuwa Algiers, fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Yanga ilishinda 1-0, lakini kombe likabaki kwa Waarabu kwa sheria ya mabao ya ugenini, maana Dar es Salaam tulifungwa 2-1. Nilikuwa likizo, tukaangalia kwenye kibanda umiza hapa hapa Ilembo. Jukwaa la Algiers lilikuwa linawaka mekundu, moshi umetanda. Jamaa aliyekaa nyuma yangu akasema, "Hawa ndio wanajua kushangilia." Wote tukakubali, na mimi nikiwemo.

Mwaka uliofuata, Agosti 8, siku ya Nane Nane, watani walikutana kwenye Ngao ya Jamii. Kibanda kilijaa hadi mlangoni. Yanga ilipopata bao, kijana mmoja akatoa kopo la moshi alilokuja nalo kutoka safari. Watu wakaanza kupiga kelele, "Washa! Washa!" Nilitoa simu nirekodi, na mimi nikasema washa. Akawasha pale pale mlangoni.

Kibanda chetu kina mlango mmoja. Kuta za mbao, turubai kwa ndani ili mwanga usiingie. Moshi ulirudi ndani kama umeitwa. Na chini, pembeni ya mlango, alikuwa amechuchumaa mtoto wa kama miaka kumi, anachungulia kwa sababu hakuwa na shilingi 500 ya kiingilio. Mtoto yule ana pumu. Hakuna aliyemwona hadi alipoanza kukosa pumzi. Alibebwa kwenye bodaboda hadi hospitali. Tunamshukuru Mungu, alipona. Jioni nilikwenda kwao kumjulia hali. Bibi yake alinikaribisha, akanipa kigoda, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Frateri, na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, bibi."

Hakuongeza neno. Mimi swali lile bado ninalo.

Tuanze na vitu vyenyewe, maana maadili yanahitaji kwanza kujua unachoshika mkononi. Fataki ile nyekundu huwaka kwa joto linaloweza kupita nyuzi 1000 za Selsiasi. Ndani yake mna madini kama magnesiamu, pamoja na kemikali zinazotoa oksijeni yake yenyewe. Ndiyo maana kuizima kwa maji ya chupa ni kazi bure. Kopo la moshi nalo ni moto uliofichwa ndani ya bati. Bati linapata moto, na ule moshi ni chembe za rangi na kemikali zinazoingia kwenye mapafu. Uwanjani watu wamebanana, huwezi kurudi nyuma, nguo nyingi ni za nailoni. Kwa sababu hizo FIFA, CAF na UEFA zote zinakataza mashabiki kuwasha vitu hivi.

Na vimeua. Roma mwaka 1979, fataki ya kurusha ilivuka uwanja mzima ikamuua shabiki upande wa pili. Cardiff mwaka 1993, kwenye mechi ya Wales na Romania, alikufa mzee mstaafu. Februari 20, 2013, mjini Oruro, Bolivia, San José ilikuwa inacheza na Corinthians ya Brazil. Fataki ya kuombea msaada baharini ilifyatuliwa kutoka upande wa wageni ikampiga usoni mvulana wa miaka 14, akafa. Baadaye kijana wa miaka 17 alijitokeza kule Brazil akasema ni yeye aliyeifyatua, na kwamba hakukusudia.

Hapo ndipo penye swali letu. Namwamini yule kijana wa miaka 17. Kwa nini akusudie kumuua mtoto asiyemjua? Alikuwa anafurahi tu. Je, nia safi inatosha?

Mtakatifu Thoma wa Akwino alilichambua jambo hili katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 64, kipengele cha 8. Anasema anayeua kwa bahati mbaya, bila kutaka, kwa lenyewe hana hatia ya kuua. Lakini anaongeza kwamba kuna njia mbili za kuipata hatia hiyo hata bila kukusudia. Ya kwanza, kama ulikuwa unafanya jambo lisilo halali ambalo ulipaswa kuliepuka. Ya pili, kama hukuchukua tahadhari uliyopaswa kuchukua. Sasa pimeni kopo la moshi kwenye mlango mmoja wa kibanda kilichojaa. Nia yetu haikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba hatukutazama chini.

Maandiko yanasema hivyo hivyo kwa lugha ya fundi ujenzi. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tazama, Mungu hasubiri mtu aanguke ndipo aulize. Anamtaka mwenye nyumba amfikirie mgeni ambaye bado hajafika. Upendo wa jirani unaanza hapo, kwenye kumfikiria mtu usiyemwona.

Najua mtasema, "Frateri, mbona watu wanawasha kila wiki na hakuna kinachotokea?" Katekisimu namba 2290 inazungumzia wale ambao kwa ulevi au kupenda mwendo kasi wanahatarisha usalama wao na wa wengine. Inasema wana hatia nzito. Angalieni neno lenyewe: wanahatarisha. Dereva wa basi anayeipita lori kwenye kona akiwa amelewa, akafika salama, ametenda kosa tayari. Abiria wamepona kwa rehema. Kupona kwao hakumfanyi kuwa na haki.

Mwingine atasema, "Sasa Kanisa linachukia furaha?" Jamani, sisi Wakatoliki ndio watu wa moto na moshi! Tuna chetezo na ubani. Usiku wa Mkesha wa Pasaka tunawasha moto nje ya kanisa, kisha tunaingia gizani kila mtu na mshumaa wake. Lakini angalieni tunavyofanya. Moto mkubwa unabaki nje, mahali pa wazi. Aliyeubariki anajulikana, na chetezo kina mshikaji wake. Mshumaa wa mtoto mama anauangalia usiguse nywele za aliye mbele. Moto wetu una mtu wa kuulizwa. Hata Hamburg, Ujerumani, mwaka 2020 klabu ya HSV iliporuhusiwa kuwasha makopo ya moshi kabla ya mechi na Karlsruhe, yalikuwa kumi tu, kwa kibali, mbali na umati, na waliowasha walijulikana. Unaweza kubishana kama lile lilikuwa jambo jema. Ila angalau hakuna aliyejificha.

Kwenye umati ni kinyume. Anayewasha anavaa kofia na kufunika uso, na sisi tunamzunguka asionekane. Akikosea, mzigo unabebwa na wengine. Septemba 28, 2025 Simba ilicheza na Gaborone United kwa Mkapa, uwanja wa watu 60,000, bila mashabiki, kwa adhabu ya CAF kutokana na mwenendo wa mashabiki msimu uliotangulia. Mama aliyetunza nauli yake kwa utulivu alifungiwa sawa na aliyefanya fujo.

Hapa nafika mahali panaponiuma. Mimi sikuwasha kitu siku ile. Nilishika simu tu. Lakini yule kijana asingewasha kama tungenyamaza. Alihitaji kelele zetu na video yetu. Mafundisho ya Kanisa yanajua dhambi hii. Katekisimu namba 1868 inasema tunawajibika kwa dhambi za wengine tunaposhiriki, tunapoagiza, tunaposhauri, tunaposifu. Yule kijana alishika kopo kwa mkono mmoja, na sisi kama sitini hivi tulilishika kwa midomo. Kumlaumu yeye peke yake ni kumrudia Kaini, aliyeuliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake.

Kwa hiyo, rafiki yangu wa jumuiya, jibu langu ni hili. Ndiyo, kuwasha fataki au moshi katikati ya watu waliobanana ni kosa la kimaadili, hata ukiwa na furaha safi, hata asipoumia mtu. Uzito wake unategemea ulijua nini na ulijali kiasi gani. Na sasa umeshajua. Shangilia, piga vuvuzela, cheza, beba bendera. Furaha ya Kikristo inapiga kelele, ila haimsahau aliyechuchumaa mlangoni.

Ile video niliifuta baada ya kuungama. Kijana mwenye kopo tulikwenda naye pamoja kwa yule bibi. Wiki iliyofuata mwenye kibanda alitoboa mlango wa pili, na mbao tulimchangia.

Azimio la wiki: kabla ya kusema "washa" kwa jambo lolote, hata kwenye magrupu ya WhatsApp, tazama kwanza nani amekaa karibu na mlango.

Tusali: Ee Bwana, uliyemwona kipofu njiani wakati umati ulimtaka anyamaze, utupe macho yako katikati ya kelele zetu. Utusamehe tulipofurahi bila kumwona jirani. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri, Ilembo, Mpanda