Cheo cha Wimbo Hutoka Wapi?

Chati ya nyimbo hutangazwa kila wiki kama matokeo ya uchaguzi: wasikilizaji wamechagua, wapangaji wamehesabu tu. Naamini dai hilo si kweli, na madhara yake si madogo. Mapenzi ya mtu kwa wimbo hayaonekani. Yanayoonekana ni matendo yake, nayo ni mengi: kununua, kurudia kusikiliza, kuomba uchezwe redioni, kuuimba njiani. Kabla hakijahesabiwa chochote, kuna mtu aliyekwisha kuamua tendo lipi ni ushahidi wa kupenda, na lina uzito gani. Apangaye chati ni hakimu, na hakimu hana ruhusa ya kujificha nyuma ya hesabu.

Novemba 1952, Percy Dickins wa gazeti la New Musical Express la London aliyapigia simu maduka yapatayo 20 kuuliza santuri zipi zinanunuliwa zaidi. Majibu yakawa chati ya kwanza ya Uingereza, Al Martino akiwa kileleni. Kupenda kukawa ni kununua, tena katika duka lililopigiwa simu. Aliyeusikia wimbo kwa redio ya jirani akauimba mwezi mzima hakuwamo. Nchini Marekani, chati ya Hot 100 ya jarida la Billboard, iliyoanza mwaka 1958, ilichanganya mauzo na kuchezwa redioni, lakini hadi mwishoni mwa 1998 wimbo ambao haukutolewa madukani kama singo haukuruhusiwa kuingia. Ndiyo maana “Don't Speak” wa bendi ya No Doubt uliongoza chati ya redio kwa wiki 16 bila kuonekana hata mara moja katika Hot 100. Mfano ulio mzito zaidi ni wa 1991. Kabla ya hapo Billboard ilitegemea maelezo ya wenye maduka. Mei mwaka huo, kwa upande wa albamu, ikaanza kutumia kumbukumbu za mashine za kaunta zinazosoma alama za bidhaa. Muziki wa kantri na rap ukapanda ghafla, na Juni albamu ya kundi la rap la N.W.A. ikashika namba moja. Hakuna taifa linalobadili ladha kwa wiki chache. Watu walikuwa wakiununua muziki huo siku zote, na walioulizwa hawakuwataja.

Mtetezi wa chati atasema mfano huo unamsaidia yeye: kipimo kilikuwa kibovu, kikarekebishwa, ukweli ukajitokeza. Nakubali kwamba mashine ilipunguza upendeleo wa wauzaji, na wasanii waliodharauliwa wakatendewa haki. Lakini hakuna mashine inayoweza kuamua kama msikilizaji anayelipia muziki mtandaoni ana uzito kuliko anayesikiliza bure huku akivumilia matangazo. Mwaka 2018 Billboard iliamua kwamba anao. Hoja yake inaeleweka: atoaye fedha amejitoa zaidi. Hata hivyo wasomaji wa Injili wanamkumbuka mjane aliyetia senti mbili katika sanduku la hazina, na jinsi Yesu alivyomhesabu kuwa ametoa kuliko matajiri wote, kwa kuwa alitoa katika umaskini wake. Fedha hupima mfuko pamoja na moyo, na chati haina njia ya kuvitenganisha. Huko Uingereza, Machi 2017, nyimbo 16 za Ed Sheeran zilikuwa ndani ya 20 bora. Mwaka huohuo ikawekwa kanuni ya nyimbo tatu tu kwa msanii. Pengine walifanya vema, lakini hesabu haikuwa na kosa. Walioona haifai ni watu.

Litabaki pingamizi la wahenga: wengi wape. Ningelikubali kama wengi wangekuwa wameamua kabla ya kutangaziwa. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio la watu zaidi ya 14,000 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Wengine walichagua bila kujua chaguo la wenzao; wengine waligawanywa katika makundi manane, kila kundi likiona idadi ya waliochagua kila wimbo ndani ya kundi hilo. Wimbo ulioongoza kundi moja ungeweza kuachwa nyuma katika jingine. Ubora haukupotea, maana nyimbo bora kabisa zilikuwa nadra kuzama na mbovu kabisa nadra kupanda. Ila kwa zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, cheo kilitegemea sana nani alitangulia kuonekana. Kipimajoto hakiongezi joto la chumba. Chati huwaambia wengi wanachopenda, kisha huwahesabu wanapoitikia.

Mwaka 2019 Billboard iliuondoa wimbo “Old Town Road” wa Lil Nas X katika chati ya kantri, ikaeleza kwamba haukuwa na vionjo vya kutosha vya kantri ya leo. Wimbo huo ukaongoza Hot 100 kwa wiki 19. Sikubaliani na uamuzi ule, lakini ulitamkwa kama uamuzi, na watu wakaujibu hadharani, wakihoji kantri ni ya nani na msanii mweusi ana nafasi gani ndani yake. Uzito mdogo wa yule asikilizaye bure nao ni uamuzi, na kila wiki hupita ukiitwa hesabu.