Kitu Huwaje Chetu?

Nguo nyingi tunazotundika milangoni huku pwani zina nakshi zenye asili ya Bara Hindi. Kabla Wareno hawajafika mwaka 1498, majahazi yalikwisha kuzoea kuleta vitambaa vya pamba kutoka Gujarati. Hata majina yalisafiri: bafta latokana na Kiajemi, leso na Kireno. Je, vitu hivi si vyetu kwa kuwa vilitoka ugenini?

Tuitazame Quitunda, kijiji kilichojengwa karibu na Palma kwa ajili ya watu waliohamishwa kupisha mradi wa gesi asilia wa Afungi. Familia za kwanza zilihamia mwaka 2019. Mkaaji wa huko atundikapo kapulana mlangoni, kipi ni chake zaidi: ukuta au kitambaa?

Naona ni kitambaa. Wazee wetu hawakushurutishwa kukipokea. Walichagua rangi, wakakataa wasiyoipenda, hata mfumaji wa Gujarati akabidi kufuata matakwa yao ili auze. Ukuta una historia nyingine. Wahamishwao huweza kushauriwa juu ya vyumba na madirisha. Kubaki walikozaliwa hakumo miongoni mwa yanayochaguliwa.

Yamkini wajukuu wataipenda nyumba ile, na mapenzi yao yatakuwa ya kweli. Lakini hayataweza kuwa idhini ya babu zao. Hivyo basi, asili ya mbali haitoshi kukifanya kitu kigeni, wala hati ya kumiliki haitoshi kukifanya chetu. Tuanze kwa kuuliza kama mpokeaji aliweza kukataa.