Njia haina mwenyewe?

Tuanze na swali linaloonekana la kitoto. Ile njia ya vumbi inayopita kando ya msitu ni ya nani? Sizungumzii barabara kuu, manake hiyo tunajua ni ya serikali na matatu. Nazungumzia kile kinjia cha nyuma. Mama anapita na kuni kichwani, mzee anasukuma baiskeli iliyobeba mitungi ya maji, halafu sisi tunatokea na helmeti na miwani, tunarusha "mambo" bila hata kupunguza mwendo.

Ukiiacha lami pale Gede ukaelekea upande wa bara, unaingia Arabuko-Sokoke, msitu wa kama kilomita za mraba 420, kipande kikubwa kuliko vyote vya msitu mkavu wa pwani vilivyobaki Afrika Mashariki. Mchanga mweupe unageuka mwekundu kadiri unavyokwenda magharibi. Kaskazini, kabla ya Mto Sabaki, kuna Jilore na ziwa lake, linalojaa na kupungua kulingana na mto. Kwa mtu wa baiskeli, hapo ni raha tupu. Na usiniambie huu ni mchezo wa wageni. Mkenya Sule Kangangi aliufanya kazi yake, akaongoza timu, na mwaka 2022 alifariki akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Mashindano ya Migration Gravel Race yamekuwa yakifanyika Mara tangu 2021. Mchezo ni wetu pia. Swali ni kama njia nazo ni zetu kwa namna hiyo hiyo.

Rafiki yangu ninayeendesha naye husema njia haina mwenyewe. Hoja yake ni nzito kuliko inavyosikika. Pwani hii tumeshaona njia za kwenda baharini zikizibwa kwa kuta za watu wenye pesa. Mvuvi anazunguka mbali kufika kwenye mtumbwi wake. Kwa hivyo mtu akianza kusema "njia hii ina wenyewe", rafiki yangu anasikia mlio wa geti likifungwa. Namwelewa kabisa.

Lakini kutokuwa na mwenyewe si sawa na kutokuwa na watu. Kinjia cha kijijini hakikuchorwa na mtu ofisini. Kipo kwa sababu kinapitwa kila siku. Kiache msimu mmoja wa mvua, majani yatakifunga. Kikipinda kando ya shamba la mahindi, ujue kuna majirani walioelewana. Kikikwepa mti fulani, ujue kuna sababu, na sababu hiyo haijaandikwa popote. Programu ya simu inanasa ile mipindo yote vizuri sana, mita kwa mita. Maelewano yaliyoizaa haiyanasi. Anayepakua njia hiyo akiwa Nairobi au Berlin anapata mstari mwembamba kwenye skrini, kana kwamba hakuna mtu anayeishi pale.

Mwaka huu nilipewa kazi ya kuandika maelezo ya njia tatu za baiskeli, kila moja na bei yake. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, chuo niliacha, kodi ya nyumba hainisubiri. Njia mbili niliziandika bila shida. Ya tatu ilipita karibu mno na msitu wa kaya.

Kaya za Mijikenda zilikuwa makazi yaliyozungukwa na msitu. Leo ni mahali pa makaburi na maombi, chini ya ulinzi wa wazee. Kadhaa kati yake, Kaya Kauma hapa Kilifi ikiwemo, ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Ndani ya kaya hukati mti, na unafuata njia uliyoonyeshwa. Pale njia yenyewe ni sheria, na anayekuonyesha ni mtu, uso kwa uso. Niliomba muda nikaongee na wazee kwanza. Niliambiwa hakuna muda. Basi nikatoa njia mbili, nikalipwa za mbili.

Rafiki yangu alicheka. Akasema, usiri haujawahi kuokoa msitu. Kinachouokoa ni watu kujua upo, na majirani kuona faida. Alinikumbusha Kipepeo, mradi ulioanzishwa Gede mwaka 1993. Wakulima wanaoishi kando ya Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi, na mabuu yanauzwa nje ya nchi kwa maonyesho ya vipepeo. Msitu ukaanza kuwapa senti watu ambao wengi wao walitamani ukatwe wapate mashamba. Hilo ni kweli. Ila angalia mpangilio wake: jirani yumo tangu mwanzo, na analipwa. Sisi tunapita na maji yetu na ndizi zetu mfukoni, tunaacha vumbi.

Na kujulikana nako kuna upande wa pili. Vigango, zile nguzo za kuchonga ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wao waliofariki, zilisimama wazi bomani kwa miaka. Zikaibwa, zikauzwa, zikaishia kwenye makumbusho na nyumba za matajiri Marekani. Mwaka 2007 familia moja ilirudishiwa vigango viwili vilivyoibwa zaidi ya miaka ishirini kabla. Hakuna aliyevificha. Vilionekana na mtu aliyedhani kukiona kitu ni ruhusa ya kukichukua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shida ya mtu wa baiskeli ni kwamba hafiki siku ya tatu. Kila kijiji anakuwa mgeni wa dakika kumi, anakula uzuri wa mahali, jembe halishiki kamwe. Simwambii mtu aache kuendesha. Mimi mwenyewe siachi. Nasema tutafute jembe letu. Shuka kwenye baiskeli usalimie wakubwa: shikamoo haisemwi kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa. Nunua mahamri ya kijiji badala ya kubeba vyote kutoka mjini. Lipia msitu getini. Na kabla ya kuweka njia mtandaoni, piga hodi.

"Hodi kwa nani?" rafiki yangu akauliza. "Kinjia kinapita maboma mia moja. Utaita baraza?"

Swali zuri, na jibu langu halijakamilika. Siwezi kuwauliza wote. Lakini kila njia ina mtu anayeishi mwanzoni mwake na mwingine anayeishi mwishoni. Naweza kuanza na hao wawili, na wakisema hapana, mstari ule ubaki kwenye miguu yao.