Mlevi na Mvuta Bangi Wanaposhitakiana

Keti kidogo kwenye kijiwe cha bodaboda pale Chanika, Handeni, au stendi ya Korogwe, utausikia ubishi huu: kipi kina madhara zaidi, pombe au bangi? Mvuta bangi atasema yeye hapigi mke wala halali mtaroni. Mnywaji atajibu kwamba yeye hakimbizani na polisi. Kila mmoja anajitetea kwa dhambi ya mwenzake.

Kwa hesabu, mvuta bangi ana hoja. Mwaka 2010 Profesa David Nutt na wenzake walipima madhara ya vilevi 20 nchini Uingereza, kwa mtumiaji na kwa wanaomzunguka. Pombe ilipata alama 72 kati ya 100, bangi 20. Ila kinachouzwa kila kona lazima kidhuru wengi. Serikali yetu ya Tanzania ililijua hilo ilipopiga marufuku viroba, vile vipakiti vya pombe kali, kuanzia Machi 1, 2017: pombe kali ilikuwa imeshuka bei na kupungua ukubwa hadi ikaenea mfukoni mwa mwanafunzi.

Kwetu vijijini, madhara ya pombe hayaanzi kuonekana hospitali. Yanaanzia darini. Mahindi yamevunwa, yamepandishwa juu ya jiko yapate moshi wa kufukuza wadudu, na mama anajua fika yalipoishia. Siku anapopanda kushusha ya kusaga, anakuta pengo: mume amekuwa akichota usiku, debe kwa debe, kwenda kulipia gongo. Hakuna aliyepigwa, hakuna kesi iliyofika kwa mtendaji, na watoto watalala na uji mpaka mvua za masika. Madhara ya namna hii nani atayapa alama?

Bangi nayo isijifiche nyuma ya pombe. Mtoto wa miaka 14 anayevuta kila siku anaichezea akili ambayo bado inakomaa, na hatari ya kuugua akili inapanda. Halafu kuna sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, ambayo haina mzaha. Baba akikamatwa na shamba la bangi, kifungo ni chake, lakini njaa na ada za shule zinabaki kwa mama.

Masheikh hawakuhangaika kuvipanga vilevi kwa madaraja. Kinacholevya ni haramu, basi. Naona hapo wametuzidi akili sisi wabishi wa kijiweni.

Ukinibana niseme, nitasema pombe ni mbaya zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyoingia nyumba nyingi. Hukumu hiyo haimpi mvuta bangi ruhusa. Ndugu yangu, ukitaka kujua umedhuru kiasi gani, toka kijiweni ukamuulize mkeo, na umwache amalize kusema. Nawe mwenye kilabu, aliye chini ya miaka 18 usimuuzie, hata akija na pesa ya baba yake.