Andika "zito"

Jumanne nilikaa mbele ya dawati la ofisi moja nikimtazama kijana akizungusha kigurudumu cha kipanya kama anayevuta tasbihi. Nilikuwa na swali dogo: binti yangu, mwajiriwa wao, ana mimba ya miezi sita. Je, bado anapangiwa zamu ya usiku? Mwongozo wa watumishi ulikuwa wazi kwenye kompyuta, kurasa mia na ushee. Ukurasa wa 12. Wa 13. Foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa.

"Mwanangu, bonyeza Ctrl na F."

Akaandika "usiku", matokeo yakajaa kama siafu, maana kwao zamu ndiyo kazi yenyewe. Akaandika "mjamzito". Kimya. Akanigeukia kwa huruma: "Haipo, mzee wangu."

Hilo "haipo" sijalimeza hadi leo. Kompyuta ile haikuwa inasoma Kiswahili, ilikuwa inalinganisha herufi. Ukiitajia "mjamzito" haikuletei "wajawazito" wala "ujauzito". Maneno yetu hubadilika kichwani, na hili hubadilika hata kiunoni! Dawa ni kulikata, ubaki na kile kisichobadilika.

"Andika zito."

Tukapitia uzito wa mizigo, tukatua ukurasa wa 61: wajawazito. (Waraka uliopigwa picha kwa skana, muhuri na yote, ungetushinda hata hivyo, mashine huona picha, haioni maneno. Ofisi zetu zinazipenda sana nyaraka za namna hiyo.)

Kuna mtu ameshakunja uso: vijana wasome mwongozo mzima, vitufe hivi vinaleta uvivu. Haya, yeye kamusi aliisoma kuanzia A? Mafundi wa Unix hufungua mwongozo wa amri, wakabonyeza mkwaju (/), wakaandika neno, kisha n kurukia linalofuata. Sijasikia wakiitwa wavivu. Uvivu ni kuviringisha kurasa huku watu wamesimama, ukauita kusoma.

Ila labda ana punje ya haki. Kijana alisoma kwamba marufuku ya usiku huanza miezi miwili kabla ya kujifungua, akafunga faili. "Bado mwezi mmoja, mzee."

"Fungua tena, ushuke mstari mmoja."

Akashuka. Maneno yalikuwa yaleyale ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: hata kabla ya hapo, akiwa na cheti cha daktari kwamba kazi ya usiku haimfai tena.

Cheti kilikuwa mfukoni mwangu.