Maono na Maoni

Aliyelala huota njozi, nabii hupewa maono, na nahodha hushika dira. Mikutanoni maneno haya huchanganywa kana kwamba ni mamoja. Sisi tukaao ufukoni mwa Ziwa Viktoria, hapa Mwanza, tunalo la kusema.

Katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, sangara alitiwa ziwani. Waliomtia waliona mbali: samaki mkubwa, mwenye minofu mingi, atakayewala furu, wale wadogo wasio na bei. Ikawa hivyo barabara. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, na minofu ikapelekwa Ulaya. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka, sangara akiwa sababu kubwa ingawa si pekee. Na wengi wetu tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Je, ile ilikuwa njozi? La hasha, njozi haitimii hivi. Yalikuwa maono, nayo yalitimia bila mla furu kuulizwa maoni yake.

Maono na maoni! Yote ni watoto wa kitenzi kimoja, kuona. Irabu moja tu yawatenga.

Baadaye serikali ilichagua neno dira: Dira ya 2025, kisha Dira 2050. Neno hili latupendeza kwa unyenyekevu wake. Dira haioni kitu. Huonyesha kaskazini tu, na bandari hutajwa na waliomo chomboni. Kabla ya Dira 2050 wananchi walitakiwa maoni. Tungependa kujua mvuvi wa dagaa alisema nini.