Gharama ya Uchawi: Suala la Maadili katika Kanuni za Vita vya Mezani

Vita vya mezani ni mchezo wa kupambanisha majeshi ya sanamu ndogo kwa kufuata kanuni zilizoandikwa. H. G. Wells alichapisha kanuni za mchezo wa aina hiyo katika Little Wars mwaka 1913, na uchawi haukuwamo. Mwaka 1971, Gary Gygax na Jeff Perren walichapisha Chainmail nchini Marekani, kitabu cha vita vya Ulaya ya zama za kati, wakaambatisha sehemu ya kinjozi yenye wachawi na mazimwi. Tangu hapo, wachezaji wasioridhika na kanuni za uchawi zilizochapishwa wamekuwa wakijitungia nyingine. Kazi hiyo aghalabu huelezwa kuwa ya kiufundi tu, yaani kusawazisha nguvu za pande mbili. Makala haya yanashikilia kwamba ni suala la maadili pia, kwa sababu mtunga kanuni huamua ni nani atakayelipa gharama ya nguvu.

Kiswahili humtenga mganga na mchawi kwa kuzingatia dhamira: mmoja huponya, mwingine hudhuru. Katika michezo hii mhusika yuleyule huponya na kuteketeza, na jina lake halimhukumu. Hukumu hiyo hubebwa na kanuni. Fasihi imelijua jambo hili tangu kale. Fumo Liyongo wa utenzi hadhuriki isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni, na mpaka huo wa nguvu zake ndio unaoupa usaliti wa mwanawe uzito. Nguvu isiyo na mpaka haizui swali lolote la kimaadili.

Mifano miwili inatosha kudhihirisha tofauti. Katika toleo la nane la Warhammer Fantasy Battle, lililotolewa Uingereza mwaka 2010, mchawi akipata sita mbili au zaidi kwenye dadu zake, uchawi wake hauzuiliki; lakini hufuatwa na janga ambalo mara nyingi huwaangamiza askari waliomzunguka. Katika Frostgrave ya Joseph McCullough, iliyochapishwa mwaka 2015, mchawi asiyefikia alama zinazotakiwa anaweza kufidia upungufu kwa kujipunguzia afya, alama kwa alama. Wa kwanza hubahatisha, na wengine huweza kufa kwa ajili yake. Wa pili hupima, huchagua, kisha hulipa mwenyewe. Mtunzi anayehamisha gharama kutoka kwa askari hadi kwa mchawi amebadilisha maana ya uongozi katika ulimwengu ule, hata kama mizani ya ushindi imebaki vilevile.

Yamkini patatolewa hoja kwamba sanamu haiumii, na kwamba maadili hayana nafasi pasipo na maumivu. Hoja hiyo ina ukweli wa nusu. Mezani yupo pia binadamu, naye ni mshindani. Kanuni iliyotungwa na mtu kwa faida ya jeshi lake humtoza mwenzake gharama ambayo hakuiridhia. Johan Huizinga, katika Homo Ludens ya mwaka 1938, alimtofautisha mdanganyifu, ambaye bado hujifanya anacheza, na mharibifu, ambaye huuvunja mchezo wenyewe. Mtunga kanuni mbadala si mmoja wa hao iwapo amezieleza kanuni zake mapema na mwenzake akazikubali. Akizileta katikati ya pambano, amekaribia kuwa wote wawili.

Hata hivyo, gharama ikizidi, hakuna atakayethubutu kutumia uchawi, na kujizuia hakutakuwa tena wema bali hesabu. Kwa hiyo kanuni bora haina budi kukiacha kishawishi kikiwa hai: nguvu iwe ya kutamanika, bei yake ijulikane, na anayeitumia awe ndiye mlipaji wa kwanza. Jaribio lake ni jepesi. Mtunzi na ajiulize kama angekubali kucheza kwa kanuni hizo akiwa upande wa pili wa meza, asiye na mchawi hata mmoja. Asipokubali, alichotunga ni upendeleo uliovikwa vazi la kanuni.